Daftari la Vitabu Nilivyoazimisha

Kitabu kikirudi dukani kwangu sisikilizi sana maneno ya aliyekirudisha. Nakigeuza ubavu, natazama kingo za kurasa. Mikono ya watu wa stendi haidanganyi: grisi ya pikipiki, unga wa maandazi, hina, vumbi la magunia ya viazi. Uchafu unaanzia ukurasa wa kwanza, unakwenda, unakwenda, halafu unakoma. Kuanzia hapo karatasi ni safi kabisa. Hapo ndipo abiria wangu aliposhuka.

Nina steshenari ndogo jirani na stendi ya Msamvu, Morogoro. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu fomu za mtandaoni. Umeme ukikatika, mashine zote zinalala, nami nabaki mlangoni kwenye kiti cha plastiki na riwaya mkononi. Ndivyo jambo hili lilivyoanza. Mtu anayesubiri umeme urudi ili apate kopi ya kitambulisho ataangalia simu, ataangalia barabara, mwishowe atauliza: "Hicho unachosoma kinahusu nini?"

Nikaanza kuwaazima. Vya kwanza 2 vilipotea ndani ya mwezi mmoja, nikanunua daftari la kaunta na kulipiga mistari kwa rula: tarehe, jina, kitabu, kimerudi. Mwaka wa nane huu. Nimewahi kulisoma lote kwa siku moja, mvua ikinyesha, nikaona aibu, maana safu ile ya mwisho inanieleza mimi kuliko inavyowaeleza wateja.

Aliyenitia adabu kwanza ni kijana wa bodaboda ambaye kijiwe chao kiko mbele ya duka. Alitaka kitu cha kusoma akisubiri abiria. "Ila kisiwe kinene, braza." Nikampa *Nagona* ya Euphrase Kezilahabi. Chembamba, kinaingia mfuko wa koti, na mimi nilipokuwa na umri wake kilinikosesha usingizi. Baada ya wiki akakileta. "Kizuri, braza, ila kizito." Nikakigeuza ubavu. Grisi iliishia ukurasa wa 9.

Wembamba wa kitabu ulinidanganya mimi, si yeye. *Nagona* ilitoka 1990, na Kezilahabi wa 1990 si yule wa *Rosa Mistika* ya 1971 wala wa *Dunia Uwanja wa Fujo* ya 1975. Katika zile za mwanzo watu wanalima, wanalewa, wanapendana, wanagombana, unawaona kabisa. Katika *Nagona* na ndugu yake *Mzingile* msimulizi anatembea mahali ambapo hujui kama ni hapa au ahera, na wakati wenyewe umejikunja. Kumpa mtu hicho kabla hajaonja vile vya mwanzo ni kumwingiza mgeni kwa mlango wa uani, akutane na masufuria machafu kabla hajaona sebule. Na nikisema kweli yote, sikumpa kwa ajili yake. Nilitaka aone kwamba mwenye duka hili anasoma vitu vya namna hiyo.

Safari ya pili nikamuuliza kwanza. Sikumuuliza anapenda vitabu gani, swali ambalo watu wengi hulijibu kwa aibu kana kwamba wako kwenye usaili. Nilimuuliza: kitu gani mara ya mwisho kimekufanya uchelewe kwenda kula? Akasema filamu ya majasusi, ameirudia mara 3. Basi, nikamtolea *Kufa na Kupona* ya Musiba. Jasusi Willy Gamba anasaka nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa. Nilimweleza jambo moja tu la ziada, kwamba Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika kweli ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, kwa hiyo kisa kile cha nyaraka za siri hakikuwa ndoto tupu ya mwandishi. Akakirudisha baada ya siku 2. Kilikuwa cheusi mpaka jalada la nyuma, na ukurasa mmoja una alama ya mchuzi.

Akaendelea na vitabu vya Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa. Alipovimaliza nilivyonavyo, nikathubutu kumpa *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapwa 1960. Niliogopa kidogo. Bwana Msa, mpelelezi wa humo, hana bastola wala mbio za magari. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana kichwa. Nikamwambia mapema: "Huyu haendeshi kasi. Kaa nyuma tu." Akakimaliza baada ya wiki 3. Siku alipokileta alikaa dukani nusu saa akinieleza jinsi alivyomshuku mtu asiye, mpaka mwenzake akamchukulia abiria. Tangu hapo sisifu kitabu kwa kusema ni kizuri. Nasema mwendo wake.

Kuna jambo linaniudhi, niliseme hapa lipite. Wanafunzi wa sekondari wanakuja kwangu kila wiki kutoa kopi. Wanatoa kopi za "uchambuzi": dhamira, wahusika, muundo, mtindo, matumizi ya lugha, kurasa 12 zimebanwa kwa stepla. Riwaya yenyewe hawana. Nimewahi kumuuliza mmoja kama amesoma *Takadini*. Akanitajia dhamira 6 bila kupumua. Nikamuuliza Sekai alijisikiaje usiku ule alipomchukua mwanawe zeruzeru akatoroka naye. Akaniangalia kama nimemuuliza swali la kozi nyingine. Watu wazima wengi wanaoniambia "mimi si mtu wa vitabu" walitengenezwa hapo. Hawakuchukia riwaya, walichukia mtihani. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo simpi kabisa kitabu alichosomea shuleni, hata kama ndicho bora nilichonacho. Ngozi yake inakumbuka.

Kosa langu kubwa lakini halikuwa *Nagona*. Baba mmoja, fundi seremala, mtu wa heshima zake, alikuja kutaka kitabu cha binti yake wa kidato cha pili. "Anashinda kwenye simu. Mpe kitu cha kumjenga." Nikampa *Rosa Mistika*. Kichwani mwangu hesabu ilikuwa rahisi: kilipotoka kilizuiwa mashuleni, miaka ikapita, kikaja kufundishwa mashuleni humo humo, kwa hiyo kimeshahalalishwa. Sikufikiria kwamba mzazi makini husoma kwanza.

Siku ya tatu akaja asubuhi kabla sijafungua mlango wa pili. Hakunisalimia. "Hiki ndicho cha kumjenga mtoto?" Sauti yake ilikuwa ya chini, bora angepiga kelele. Nikaomba radhi. Nikaanza kueleza kwamba mwandishi hasifii yale mambo, kwamba anaonyesha malezi yalivyomharibu Rosa. Akanikatiza: "Nimeona. Yule baba." Kisha akanyamaza. Katika kitabu, Zakaria anampiga bintiye kwa ajili ya barua ya mvulana, naye mwenyewe ni mlevi asiyejua nyumba yake inakula nini. Fundi wangu hanywi. Ila sikujua kama amewahi kukuta barua, au meseji, siku hizi. Sikumuuliza.

Alipoondoka nilikigeuza kitabu ubavu, kwa mazoea tu. Vumbi la mbao lilikuwa limefika mpaka ukurasa wa mwisho.

Baada ya mwezi akarudi, akatoa salamu kama kawaida, akataka kingine cha binti. Mara hii niliuliza yeye binti anapenda nini, akasema hajui. "Basi mlete," nikamwambia. Akamleta. Msichana akasema anapenda hadithi za watu wanaosafiri. Akaondoka na *Siku Njema* ya Ken Walibora, kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Kumbe babu zao ni wa Tanga. Kile kitabu hakijarudi hadi leo na sitaki kirudi.

Mama anayeuza mboga upande wa pili wa barabara alinifundisha kitu kingine kabisa, ambacho hakihusu hadithi. Nilimpa kitabu, akakirudisha. Nikampa kingine, akakirudisha. Vyote safi, hata kurasa za kwanza. Nikajua hapendi, nikaacha. Siku moja namwandikia barua ya kikoba chao, nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome kabla sijaichapa, akasogeza kichwa nyuma, akasogeza zaidi, akakaribia kuanguka kwenye benchi. Muda wote ule mimi namchagulia hadithi, kumbe tatizo ni ukubwa wa herufi! Vitabu vyetu vya zamani vimechapwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi iliyokwisha geuka rangi ya chai.

"Mama, miwani huna?"

"Ninayo, mwanangu. Iko nyumbani, naogopa kuivunja sokoni."

Tukapatana mjukuu wake wa darasa la sita awe anamsomea jioni. Ndipo nilipofikiri upya habari ya Shaaban Robert. Ukimuuliza mtu yeyote akupendekezee Shaaban Robert, atakutajia *Kusadikika*, na mtu mpya akifungua anakutana na nchi iliyo angani, na Karama amesimama mbele ya mfalme akijitetea kwa habari za wajumbe 6 mmoja baada ya mwingine. Ni kitabu kikubwa, sikatai, ila ni hotuba mahakamani, na si kila mtu ana mgongo wa kukaa mahakamani siku nzima. Mama wa mboga nikampa *Wasifu wa Siti binti Saad*. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya ufinyanzi, akawa anabeba vyungu kupeleka mjini kuuza kabla sauti yake haijampeleka mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mama alitaka kujua jambo moja tu kila asubuhi akinipitishia mchicha: hivi alipokuwa anauza vyungu, alikuwa anatandika chini au anatembeza? Alikuwa anatembeza, nikamwambia. "Kutembeza ni kazi," akasema, "mimi nilitembeza miaka 6."

Mjukuu sasa anasoma vizuri kuliko wenzake. Hilo sikulipanga.

Kitabu kilichosomwa na watu wengi zaidi katika daftari langu kinaonekana kimeazimwa na mtu mmoja. Ni *Kuli* ya Adam Shafi. Aliyekichukua ni mbeba mizigo wa stendi, nikamwambia tu kwamba ni habari za wabeba mizigo wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Siku kadhaa baadaye, kwenye saa 8 mchana, wakati mabasi yamepungua, nimetoka kununua chai nikawakuta 5 wamekalia mkokoteni chini ya mwembe. Mmoja anasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Akifika kwenye neno la Kiunguja anasimama, wanabishana maana yake, yupo mmoja aliyewahi kuishi Unguja ndiye anayeamua kesi. Nikasimama na kikombe changu mpaka chai ikapoa.

Walipofika kwenye mgomo ubishi ukahama kabisa kutoka kwenye kitabu. Je, sisi hapa Msamvu tungeweza? Mzee wao akasema haiwezekani. "Wenzetu walikuwa na meli. Meli haiwezi kujibebea mzigo. Hapa basi likitaka kuondoka, abiria anabeba sanduku lake mwenyewe." Hakuna aliyemjibu. Nimesoma *Kuli* mara 3 tangu shuleni na sikuwahi kuliwaza hilo.

Kile kitabu kiliwachanikia. Gundi ikaachia, kurasa zikawa karata. Wakaniomba niwatolee kopi ya kitabu kizima. Nikatoa. Najua haki ya mwandishi, nina tangazo ukutani linalokataza jambo hilo hilo, na mkono wangu ndio uliokuwa unageuza kurasa juu ya kioo. Kisingizio changu ni kwamba nilikuwa nimekitafuta Morogoro nzima sijakipata. Nilipokwenda Dar es Salaam kuchukua karatasi nikakikuta kwenye duka la vitabu, nikanunua nakala 2, moja ikaenda kwenye mkokoteni. Moyo ulitulia kiasi. Ila hiyo ndiyo shida ya kupendekeza riwaya za Kiswahili: unamwasha mtu hamu, halafu anakuuliza atakipata wapi, na jibu huna. Siku hizi sipendekezi kitabu nisichoweza kukionyesha kwa mkono, isipokuwa mtu ameshaniambia ana safari ya Dar au Nairobi.

Wadada wa saluni ya jirani nao wana mkondo wao. Kwao *Vuta N'kuvute* haikuhitaji maneno yangu, kwa sababu walianza na filamu ya Amil Shivji ya 2021, wakaja wenyewe kudai kitabu. Nilidhani filamu itakuwa imewamalizia utamu. Wapi! Yasmin, binti wa miaka 15 aliyeozwa kwa Bwana Raza mwenye umri wa kuwa baba yake, wakaanza kumfuatilia upya kana kwamba hawajui atakakoishia, na Mwajuma wakamfanya shoga yao. Kumbe mtu anayejua kinachotokea anasoma kwa raha nyingine, ya kuona kinatokeaje. Nikaacha ile tabia ya kulinda mwisho wa hadithi kama mayai.

Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel 2021 kila mtu alitaka "kitabu cha yule Mzanzibari," na mimi sikuwa nacho kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata ikatoka *Peponi*, riwaya yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Niliinunua, nikaivalisha nailoni. Imeazimwa mara 4, imerudi mara 4, na kila aliyekirudisha amezungumzia jambo moja: yule mtoto Yusuf kuwekwa rehani kwa deni la baba yake. Mtaa huu unajua mikopo.

Nimebakiza mstari mmoja wa daftari. Mwalimu mstaafu anayepita kila siku kununua gazeti aliniambia, mwaka juzi, kwamba amesoma kila kitu cha maana kwa Kiswahili na sasa anarudia tu. Ni mtu mwenye majivuno ya haki yake. Mimi nilikuwa na kitabu ambacho nakisifia sana na sikuwa nakiazima, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa kile kile cha Kezilahabi. Jina lake peke yake ni safari: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali*. Mzee Kitereza alimaliza kukiandika kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kukichapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Kilitoka 1980. Mwaka 1981 akafariki.

Humo ndani hakuna haraka ya aina yoyote. Mke amechukuliwa na wazazi wake kwa sababu hawajapata mtoto, mume anakwenda ukweni kumwomba, wakwe wanadai pombe ya ndizi, na mwandishi haruki kitu: ndizi zinavyopatikana, zinavyoivishwa, nani anaitwa, nani anakaa wapi, nini kinasemwa kabla ya kusema kinachotakiwa kusemwa. Mara ya kwanza nilikiacha njiani. Mara ya pili nilikisoma nikiwa nauguza mtu hospitalini, siku ambazo wakati haukuwa na maana, na kikaingia.

Sikumwambia Mwalimu ni kizuri. Nilimwambia, "Shikamoo Mwalimu. Hiki mimi kilinishinda mara ya kwanza."

"Marahaba. Kilikushinda wewe," akasema, akakichukua.

Hiyo ni miezi 14 iliyopita. Safu ya mwisho iko wazi. Kila asubuhi anapita na gazeti kwapani, nami kabla sijafungua mdomo ananyoosha kidole kunizuia. "Usiniulize. Pombe ya ndizi bado haijaiva."